Fraizi za mukwe kwenye migebuka

Mezani tulikuwa mujukuu wangu Furaha, muchumba wake Kisimba, Mama Ngoie aliyemuzaa Kisimba, na miye. Mama Ngoie alishuka kutoka Kirungu, kule mulimani, kutazama kama nyumba yetu inafaa ndoa. Alileta kikapu cha fraizi nyekundu, ndogo, zenye vimbegu juu ya ngozi, akasema tu: «Zinaongeza damu.» Kwetu zawadi ya mukwe haiulizwi. Nikahangaika jikoni, nikaamua ni nyanya ndogo za mulimani, nikazikaanga na kitunguu, chumvi na migebuka, samaki wa ziwa letu. Mchuzi ukakataa kukolea, nikaongeza pilipili.

Mama Ngoie akatia tonge kinywani, akaacha kutafuna.

«Mama, fraizi zetu ziko wapi?»

«Njo hizo, mukwe wangu. Nimezipika zote!»

Furaha akafunika uso. «Bibi! Ni matunda, yanaliwa mabichi!»

Mliokuwepo, kama nimekosea jina la matunda hayo, munisahihishe. Kwa mchuzi sibishi.