Usilale na Jiko

Wiki hiyo ya Julai nililala kidogo sana. Jumatatu tulikuwa na mtihani, Jumanne ripoti ya mafunzo ya kazini, na Jumatano kila mwanafunzi wa uanahabari alisoma mbele ya darasa tangazo lake la usalama wa msimu wa baridi. Moja lingechaguliwa kwa kura Ijumaa na kubandikwa kwenye ploti zote wanakopanga wanafunzi hapa mtaani Skuta.

Langu lilikuwa na maneno matatu: Usilale na jiko. Mwaka uliotangulia, nikiwa nyumbani Kerugoya, mwenzangu wa chumbani aliingiza jiko la makaa ndani ili apate joto. Majirani walimtoa hajitambui. Alipona, lakini anachosoma asubuhi kinampotea kabla ya chakula cha mchana, na chuo ameacha. Nilitaka maneno hayo yawe kwenye kila mlango.

Kiongozi wa darasa hakungoja nikae.

"Ati usilale na jiko? Na sisi tunaotaka kuoa tulale na nani?"

Darasa lote liliangua kicheko. Mwalimu alivua miwani akapangusa machozi. Sauti kutoka nyuma ikaongeza, "Muulize kama jiko lake limemfukuza." Kisha kiongozi akasoma tangazo lake kwa sauti ya mtangazaji: "Zingatia uingizaji wa hewa ya kutosha unapotumia vifaa vya kuotea moto katika makazi." Mwalimu alisema hilo ndilo lenye heshima ya kukaa ukutani.

Sentensi kama hiyo humlinda aliyeiandika. Watu wakifa, atasema tuliwaonya. Mtu aliyechoka, anayetetemeka, mwenye jiko mkononi, hatasimama mlangoni kuuliza maana ya uingizaji. Alhamisi nzima sikusikia somo hata moja. Nilikuwa nikipanga namna ya kumwaibisha kiongozi mbele ya wale wale waliocheka.

Jioni nilienda chumbani kwake, kwa kuwa tuliishi ploti moja, kuchukua karatasi za kura. Alichelewa kufungua. Alikuwa amejifunga blanketi, macho mazito. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, dirisha limezibwa kwa sweta, na ukutani ile sentensi yake imechapishwa kwa herufi kubwa.

"Kichwa kinaniuma tu," alisema. "Wacha nilale."

"Toka nje."

"Mwanahabari, wacha wivu."

Nilimvuta kwa blanketi lake hadi uani, nikatoa jiko, nikang'oa sweta. Alitapika kando ya mfereji. Nilimpa maji, nikangoja hadi akaweza kusimama. Ndipo nikaleta karatasi yake.

"Soma."

Alifika kwenye uingizaji, akakwama.

"Sasa sema yangu."

"Usilale na jiko."

"Rudia."

"Usilale na jiko. Tafadhali, usiwaambie."

"Utawaambia mwenyewe kesho."

Jirani alimpeleka kliniki. Mimi nilirudi kumaliza kazi ya Ijumaa.

Asubuhi alisimama mbele ya darasa akaanza kueleza. Hawakumwacha amalize. "Kumbe umeoa bila kutualika," mmoja akasema, na kicheko kikaanza tena. Ningeweza kuwanyamazisha. Niliketi nyuma, nikakunja mikono, nikamtazama akitafuta mahali pa kuweka macho. Walinyamaza aliposema kwamba kliniki walimwekea oksijeni hadi usiku. Mwalimu alichagua maneno yangu matatu bila kura na bila kunitazama.

Jumamosi niliomba kiongozi wa darasa ndiye abandike. Alibeba gundi na karatasi, mimi nikamfuata nyuma, ploti moja hadi nyingine, mikono mifukoni. Kwenye lango la nne nilirudi nyuma hatua chache nikainamisha kichwa upande.

"Hiyo imepinda," nilimwambia. "Bandua."

Aliitazama. Haikuwa imepinda, na aliona hivyo. Aliibandua polepole isichanike, akapaka gundi upya, akaibandika pale pale.