Matairi ya "used ya Japan" yaliyopakwa mawese: nilimbishia mke wangu mpaka gari likaingia mtaroni na watoto ndani

Wakuu, habari za majukumu.

Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu naona aibu kulisema. Leo nalitoa lilivyo, siongezi chumvi. Na pale ninapoonekana mjinga nimepaacha hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa mjinga kweli.

Naishi Buzebazeba, hapa hapa Kigoma. Mke wangu Zaituni ni mtoto wa Ujiji, na kwao wanauza mawese tangu enzi za bibi yake. Tuna watoto wawili, Salma ana miaka tisa na Idi ana sita.

Tuna SUV moja ya familia, tuliyoinunua mkononi kwa mtu. Anayeiendesha zaidi ni Zaituni, kila asubuhi anawashusha watoto shule kule mjini, upande wa stesheni.

Wenyeji mnaujua ule mteremko wa kutoka Mwanga kushuka mjini. Usiyeujua, elewa tu kwamba pale ukikanyaga breki unataka gari lisimame, si lifikirie kwanza.

Sasa matairi yakaisha. Kipara kabisa, zile kashata za kushika barabara zimebaki za kusimuliwa.

Zaituni akaniambia, "Baba Salma, kuna duka pale Mwanga wana matairi mapya ya saizi yetu. Si ya jina kubwa, lakini ni mapya na tarehe inasomeka. Tuchukue manne, yaishe."

Mtu mwenye akili angesema sawa, twende.

Mimi nikaenda kijiweni.

Ni kijiwe cha kahawa huko Ujiji, jirani na ukweni. Pale kuna jamaa tunamwita Injinia. Sijui nani alimpa hilo jina, nahisi alijipa mwenyewe. Injinia ana jibu la kila kitu: jenereta, presha ya kupanda, bei ya dagaa, mimba ya mke wa mtu. Gari hana na hajawahi kuwa nalo. Usafiri wake ni baiskeli.

Ndiye huyo niliyemwomba ushauri wa matairi ya gari. Chekeni tu, mna haki.

Akaweka kikombe chini, akanitazama kwa huruma. "Shemeji," akasema, maana pale mimi ni shemeji wa mtaa mzima, "tairi jipya la siku hizi ni plastiki tupu. Chukua used ya Japan. Mjapani analitembelea miezi sita analitupa. Lile ni jipya kuliko jipya."

Jipya kuliko jipya! Na watu wazima, wenye ndevu zao, wakatikisa vichwa eti wamesikia la maana. Katika benchi zima, mwenye gari nilikuwa mimi peke yangu.

Mmoja akauliza, "Na mama watoto anasemaje?"

Nikasema yeye anataka mapya ya dukani. Wakaangua kicheko. Injinia akasema mwanamke anachagua tairi kwa kuangalia lilivyo jeusi. Na mimi nikacheka nao. Kicheko kile ndicho ninachokijutia kuliko yote mtakayosoma hapa.

Kesho yake Injinia akanipeleka kwa jamaa mmoja mwenye banda la matairi. Jina lake silitaji, na hilo banda sasa hivi halipo. Matairi yamepangwa, yanang'aa mpaka unataka kujitazama.

Injinia akaanza ukaguzi. Wakuu, mngemwona!

Akalipiga tairi teke. Akalipiga kofi. Akainama akatega sikio. "Umesikia huo mlio? Hilo zima." Akalinusa, akafumba macho kabisa, akatikisa kichwa taratibu. Na mimi bwege nimesimama pembeni, nimekunja mikono kifuani, natikisa kichwa ili nionekane naelewa.

Tairi moja lilikuwa na doa la bluu ubavuni. Nikauliza.

"Alama ya kiwandani hiyo," akajibu bila hata kugeuka.

Mwaka wa kutengenezwa sikuuliza. Wakati wa kufunga, Injinia akamwelekeza fundi, "Huu upande wenye maandishi mengi weka ndani, huu msafi ukae nje, gari lipendeze." Baadaye ndipo nikajua kwamba huo upande wa ndani ndio uliokuwa na tarehe.

Nikarudi nyumbani napiga honi kuanzia kona ya msikiti.

Zaituni akatoka. Akalizunguka gari. Akapitisha mkono kwenye tairi la mbele, akaufuta kwenye kanga yake. Ilikuwa kanga nyeupe ya maua, ikabaki na alama ya rangi ya chungwa. Akanusa vidole.

"Baba Salma, haya matairi yamepakwa mawese."

Sasa huyu ni mwanamke aliyekulia katikati ya madumu ya mawese. Mimi ni nani nimbishie habari za mawese?

Nikambishia. Nikamwambia hiyo ni dawa ya kulinda mpira, yanatoka nayo huko huko Japan. Halafu nikaongeza hili, naliandika kwa uchungu: "Wewe jua mafuta yako ya kupikia, gari niachie mimi."

Hakupandisha sauti. Nilipomnyooshea funguo, akanirudishia. "Haya, endesha wewe. Wanangu siwapandishi humo."

Siku mbili watoto wakaenda shule kwa bajaji, na SUV imepaki uani na matairi yake yanayong'aa. Nilikasirika, acha tu. Nikaona nadharauliwa nyumbani kwangu.

Siku ya tatu asubuhi mvua ikashuka, na bajaji ikachelewa. Nikasema leo ndiyo leo. Zaituni alikuwa ndani anatafuta mwavuli, nikawaambia watoto waingie kwenye gari.

Idi akaingia. Salma akabaki amesimama, anaangalia mlango wa nyumba. "Mama amesema tusubiri bajaji."

Nikamjibu, "Kwani mimi ni nani humu ndani?"

Akaingia.

Tukafika kwenye mteremko. Mbele yetu kuna mkokoteni wa magunia, unashuka polepole. Nikakanyaga breki nikiwa mbali, najiamini kabisa. Magurudumu yakasimama. Gari halikusimama. Likaendelea kuteleza kwenye lami kana kwamba tumekanyaga sabuni.

Nikakata usukani kushoto. Mwenye mkokoteni tulimkosa kidogo sana. Mama mmoja mwenye beseni la migebuka kichwani akaruka pembeni, samaki wakamwagika, na sisi tukazama mtaroni kwa kishindo.

Yule mama ndiye aliyefika wa kwanza na kufungua mlango wa nyuma. "Mana yanje! Mungu wangu, watoto!" Samaki wake wako barabarani, hakuwatazama.

Idi alikuwa amejigonga kwenye siti ya mbele. Mdomo umechanika, shati jeupe la shule lote damu. Salma amemkumbatia, hata halii. Akanitazama kupitia kile kioo cha juu, akasema, "Mama alisema."

Wakuu, mimi nimeshatukanwa na mabosi. Nimeshafukuzwa kazi mbele za watu. Hakuna kilichowahi kunichoma kama yale maneno mawili.

Zaituni alikuja na ile ile bajaji iliyochelewa. Akambeba Idi hadi hospitali, mtoto akashonwa nyuzi mbili. Mimi alinipita kama nguzo. Nilitamani anitukane, nipate hata pa kujitetea.

Siku mbili baadaye, gari limeshavutwa hadi nyumbani, akanituma. "Kamwite Injinia. Mwambie aje anywe chai."

Injinia na chai ya bure hawajawahi kukosana. Akaja, akaegemeza baiskeli ukutani, akapewa kiti na maandazi. Zaituni akaleta ndoo ya maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ya kufulia. "Kaka, wewe kunywa tu, usijali." Akachuchumaa kwenye gari, akaanza kusugua.

Povu likatoka rangi ya chungwa. Chini ya povu, nyufa. Mpira wote umechanikachanika, katikati ya kashata na ubavuni, kama visigino vyangu mwezi wa nane. Akahamia kwenye lile lenye doa la bluu. Kadiri anavyosugua, doa linakua. Likawa mstari mpana kama kiganja.

"Hiyo ni alama ya..." Injinia akaanza, andazi mdomoni.

"Ya kiwanda gani, kaka?" Zaituni hata hakuinua kichwa. "Kaka zangu wana boti Mwamgongo. Rangi hii nimeipaka kwa mikono yangu. Na hapa ndipo kamba ilipofungwa, angalia ilivyokula mpira."

Mmeelewa? Lile tairi lilikuwa linaning'inia ubavuni mwa boti, kuzuia boti isijigonge ikitia nanga. Limekaa jua na maji miaka na miaka. Likashushwa, likapakwa mawese, likawa la Japan. Na mimi nikawafungia wanangu.

Tukayafungua yote na kuyageuza. Lililokuwa changa kuliko mengine yote lilimzidi Salma umri.

Injinia ghafla akakumbuka ana mgonjwa Bangwe. Hakuna aliyemzuia. Akaishika baiskeli yake, na hapo ndipo nikaona.

Matairi ya baiskeli yake yalikuwa mapya! Mapya ya dukani, bado yana vile vinywele vya mpira yanavyotoka navyo kiwandani.

Nikamwuliza, "Injinia, na hayo ni used ya Japan?"

Akapanda, akakanyaga pedeli. Sijamwona kijiweni mpaka leo.

Dukani tulienda na Zaituni, mimi nikiwa mbeba mkoba. Hakupiga tairi teke hata moja. Alimwambia muuzaji amwonyeshe zile tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Akabonyeza kashata kwa ukucha kuona kama mpira ni laini. Akapitisha kitambaa cheupe. Mawili akayarudisha kwa sababu ya mwaka, muuzaji akaguna, yeye akasubiri tu mpaka yakaletwa mengine. Dakika ishirini, kazi imeisha.

Yule mama wa migebuka tulimtafuta, tukamlipa samaki wake. Alinitazama akasema, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akaguna.

Nilichojifunza ni hiki. Tairi halijui wewe ni mwanaume. Kama nyumbani kuna mtu anayelijua jambo kuliko wewe, funga mdomo umsikilize, na kijiweni kanywe kahawa tu.

Karibuni kwa maoni, na matusi yangu nayapokea. Ila wewe unayekuja na "mimi natumia used miaka kumi sijapata shida", hongera sana, tuandikie pia nani anakaa siti yako ya nyuma.

Naishia hapa, muda wa shule umefika. Matairi ni mapya, upepo nimejaza mwenyewe, mvua hakuna. Idi ameshaingia. Salma bado amesimama nje na begi mgongoni. Kila asubuhi ndivyo anavyofanya siku hizi nikishika funguo mimi, hagusi mlango wa gari mpaka mama yake atoke aseme sawa.