Masaa Matatu ni ya Watu wa Dar

Vijana wa Kahama wanaokuja kusoma huku India wameipata namba yangu, sijui nani aliyeisambaza, na swali lao la kwanza ni lile lile: "Dada shikamoo, eti ndege ya kwenda nje mtu afike uwanjani mapema kiasi gani?" Hawaulizi chakula, hawaulizi joto. Nawajibu kwa kifupi: masaa matatu, pasipoti mkononi, safari njema. Kisha naiweka simu kifudifudi, maana swali hilo likija aibu inanipanda mpaka masikioni, utadhani bado nimesimama pale mlangoni pa uwanja wa ndege.

Masaa matatu. Hayo tuliambiwa na Mhindi mmoja mwenye duka la vifaa mjini Kahama, ambako baba hununua kamba na sululu. Familia yake imekuwa ikienda India na kurudi tangu enzi za babu yake, kwa hiyo baba alimwona ndiye mtaalamu. "Mzee, masaa matatu kabla, yanatosha kabisa." Baba akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, tukatoka, na hata barabara hatujavuka akaniambia, "Masaa matatu ni ya watu wa Dar, wanaoamka na kusikia ndege juu ya bati. Sisi wa Kahama lazima tuongeze."

Nikamuuliza tuongeze mangapi. "Tutaona," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

Mumwelewe baba yangu. Ni mchimbaji mdogo, kazeekea kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya upande wa Bulyanhulu, na kazi yake humo ni baruti. Wenzake wakishatoboa mwamba, yeye ndiye anayeshuka kuzipanga, kuziwasha, na kupanda juu upesi kabla mwamba haujapasuka. Mtu aliyeishi hivyo huwezi kumwambia kwamba mapema fulani imezidi. Harusi anafika viti havijapangwa. Kanisani anamsubiri mwenye ufunguo. Mama alishachoka kumsema.

Na mimi nilikuwa na sababu ya kuogopa kuchelewa kama yeye, kusema kweli. Nafasi yangu ya kusomea ufamasia ilikuwa na siku ya mwisho ya kuripoti, na ndege ile ndiyo iliyokuwa inawahi. Tiketi ilikuwa ya bei nafuu, ya kutobadilishwa. Nikiikosa, chuo kimekwenda. Baba alilijua hilo kuliko mimi, maana kila aliyekutana naye mtaani kwetu Nyahanga alimsimulia.

Kwetu mtoto akisafiri mbali hafungi begi lake mwenyewe. Anafungiwa na mzazi, na mzazi akishalifunga halifunguliwi tena mpaka ufike uendako. Mama alinikunjia nguo, lakini kufunga alisema ni zamu ya baba, kwa kuwa safari ni ya mbali mno. Begi lenyewe baba alilinunua mapema (bila shaka!) na kulificha machimboni, kwenye kijumba anacholala, ili wadogo zangu wasilichezee. Lilikaa huko ukutani, msumari mmoja na nguo zake za kazi. Siku ya kuondoka alilileta kwa bodaboda, ametoka duarani moja kwa moja, akapiga magoti sebuleni akalifunga kwa mikono yake. Akanisindilia matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, mpaka zipu ikalia. Nikamwambia, "Baba, India wana chakula." Akaniambia, "Wana chakula chao."

Tukapanda basi mpaka Dar, tukalala kwa ndugu, na asubuhi, wakati ndege yangu ni ya alasiri, mzee kashavaa koti, kakaa kitandani na begi mapajani. Nikajaribu kumweleza. Weee! Nani wa kumweleza? Tukafika uwanjani wafagiaji bado wanafagia.

Hapo ndipo aibu ilipoanza, ile ndogo. Tulikaa kwenye benchi nje, karibu na mlango wa abiria, na baba akageuka mwenyeji wa uwanja. Kila aliyeburuza sanduku akasalimiwa. Wanaume wa suti wakaulizwa wanakwenda wapi, na kabla hawajajibu wakaambiwa binti yake anakwenda India kusomea dawa. Mlinzi wa mlangoni, kijana mpole wa watu, alipata habari yote: mtoto wa kwanza, wa kwanza ukoo mzima kwenda kusoma nje, alikuwa anaumwaumwa tonsili utotoni, sasa hebu mtazame. Mlinzi akanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Halafu mzee akatandika leso benchini akatoa matobolwa mengine mfukoni mwa koti, akayavunja kwa mikono, akamkaribisha mama mmoja aliyevaa miwani ya jua na manukato yanayofika kabla yake. Yule mama akasema asante, ameshiba. Baba akasema, "Onja tu, dada, haya hayashibishi." Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamnong'oneza kwa ukali, "Baba, hapa si stendi." Akatabasamu akasema, "Nang'ho," yaani kweli kabisa, akakunja leso. Hakunyamaza kwa sababu amekasirika. Alinyamaza kwa sababu nimemwambia.

Baada ya muda akaenda kumuuliza mlinzi kama naweza kuingia. Mlinzi akasema kuingia naweza, ila kaunta ya ndege yangu bado sana, nitakaa tu ndani. Baba akarudi kabeba begi. "Ingia, ukae huko. Nje hakuna ndege." Nikakataa kidogo, kisha nikaona afadhali, walau ndani nitapumzika kutokana na hizi salamu. Wanaosindikiza wanaishia mlangoni, na ukaguzi wa kwanza uko hapo hapo hatua chache ndani, kwa hiyo aliyebaki nje anakuona vizuri kupitia kioo. Akanikabidhi begi, akanishika mikono yote miwili, akaitikisa kwa nguvu kama anavyofanya akifurahi. "Nenda, mayu," akasema. Mayu ni mama. Ananiita hivyo tangu nimezaliwa.

Dada wa ukaguzi alinipangusa viganja na kitambaa kidogo cheupe, akapangusa na mshikio wa begi, akakiingiza kitambaa kwenye kimashine. Kikalia. Si kwa kelele kubwa, lakini kilitosha kila mtu kugeuka. Akabadilisha kitambaa, akanipangusa tena. Kikalia tena. Uso wake ukabadilika, akamwita mwenzake, na mstari wote nyuma yangu ukarudi hatua. Yule mama wa manukato alikuwamo.

"Umeshika nini, mdogo wangu?"

"Sijashika kitu."

"Mashine inasema baruti."

Jamani. Nilijua hapo hapo. Niliona lile begi limening'inia kwenye kile kijumba, niliona ile mikono ikisindilia karanga. Na nikajua vilevile kwamba nikilitamka neno baruti kwa mdomo wangu na neno baba nyuma yake, safari imekwisha na chuo kimekwisha. Dada akauliza, "Begi hili alilifunga nani?" Nikaikazia macho ile zipu.

"Ni mimi, afande!"

Sauti ilitoka mlangoni. Baba alikuwa ameingiza kichwa na bega moja, mlinzi kamzuia kifuani. Kofia kaivua, kaishika tumboni. "Ni mimi. Mimi mbeba mizigo tu, afande. Nimelishika begi la huyu binti toka stendi. Simjui. Yeye hana kosa, mwacheni apande ndege, nishikeni mimi."

Simjui. Alilisema vizuri, bila kutikisika, akiangalia ukuta badala ya kuniangalia mimi. Baba yangu, ambaye tangu asubuhi hakukutana na binadamu bila kumwambia mimi ni nani wake.

Mlinzi akamtazama kwa huruma kabisa. "Mzee," akasema, "si umeniambia huyu ni mwanao wa kwanza? Mwenye tonsili?"

Mtu mmoja kwenye mstari akacheka. Baba akainamisha kichwa. Nimeona watu wakifumaniwa na uongo, kwetu machimboni uongo hauishi, lakini sijawahi kumwona mtu mzima akiona haya namna ile, mpaka shingo. Na sikuona haya kwa ajili yake, niseme ukweli. Nilijionea haya mwenyewe, kwamba nimekuwa mzigo wa kumfanya mzee mwenye heshima zake asimame mbele za watu ajikane.

Dada wa ukaguzi akanigeukia. "Ni nani wako?"

"Baba yangu." Ilitoka ndogo mno, akaniuliza tena. "Ni baba yangu. Anafanya kazi ya baruti kwenye machimbo, huko Kahama."

Nilingoja pingu. Dada akashusha pumzi tu, kama mtu aliyetua ndoo. "Si ungesema? Watu wa machimbo tunakutana nao." Wakafungua begi lote juu ya meza, nguo zangu za ndani zikiwemo, wakavunja tobolwa moja moja. Mkubwa wao akaja, akatoka kuongea na baba, akakitazama kitambulisho chake cha kikundi cha wachimbaji, akakipiga picha. Waliniuliza maswali, wakanituma kunawa mikono kwa sabuni, wakanipangusa upya. Ilichukua muda mrefu. Nilikuwa nalia kimya kimya na kufuta kamasi kwa mkono wa blauzi, msichana wa chuo kikuu. Mwisho mashine ikanyamaza.

"Una bahati umewahi," yule dada akasema akinisaidia kurudisha nguo. "Hili likimkuta mtu ndege inaita, anabaki." Akafunga zipu. "Nenda kamuage mzee wako. Kaunta yenu hata haijafunguliwa."

Nikaenda mlangoni. Baba alikuwa amerudi nyuma ya mlinzi, kofia kichwani tena. Aliponiona nakuja alirudi hatua nyingine, na mikono yote miwili akaipeleka mgongoni.

"Wamekuachia?"

"Wameniachia, baba."

"Unapanda?"

"Napanda."

Akafumba macho, akashukuru kwa Kisukuma, sikusikia vizuri. Nikasogea. Akatikisa kichwa haraka. "Usinishike, mayu. Itapiga kelele tena. Utanikosesha usingizi." Akacheka kidogo ili na mimi nicheke. "Niliosha, unajua. Kabla ya kuja. Niliosha na sabuni ya mche, nikasugua na jivu."

Sikuwa nimemuuliza. Nikasema, "Haya, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Nenda."

Nikageuka, nikapangushwa tena, kimashine hakikulia, nikaingia ndani nikatafuta kiti. Nilichagua kinachotazama ukuta. Nilijiambia nimechoka. Ukweli ni kwamba sikutaka wale watu wa mstarini, waliokaa sasa viti vya jirani, waone natazamana na nani.

Nikakaa. Kaeni nami na nyie, wadogo zangu mnaouliza mapema ni kiasi gani, maana hapa ndipo jibu lilipo. Nikakaa mpaka nikamaliza kusoma kila kibao kilichoandikwa mle ndani. Kaunta haikufunguliwa. Wafagiaji wakapita, wakarudi, wakapita tena. Mama wa manukato akalala na kuamka. Nikanunua maji nikayamaliza. Ndipo nikageuka kutazama kioo, nikitegemea mzee kashaondoka kuwahi basi.

Alikuwepo. Kasimama pale pale kwenye jua, na mikono bado iko mgongoni, kana kwamba hata kioo kitapiga kelele. Aliponiona nimegeuka alinyanyuka kwa vidole vya miguu ili nimwone vizuri. Hakupunga. Akanyanyua kidevu.

Bomba la maji lilikuwa hapo hapo, nyuma ya kiti changu. Sabuni ilikuwepo. Ningetoka, nikaivuta ile mikono kutoka mgongoni kwake, nikaishika mpaka nichoke, nikarudi nikanawa, nikapangushwa, na kama ingelia nikanawa tena. Ningefanya hivyo mara nyingi kadiri nilivyotaka na ndege bado ingenikuta nangoja. Muda ulikuwa tele. Nusu siku nzima ya muda, na aliyeniletea ni yeye.

Kaunta ikafunguliwa. Nikainuka, nikashika begi langu, nikaenda kupanga mstari niwe wa kwanza.