Kaburi la Kijana wa Kikinga

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani mpaka leo. Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaota, na kijiji chetu kule juu ya Mdandu kilikuwa kidogo mno. Ukisimama mlangoni mwa kanisa uliona moshi wa kila jiko. Vijana wengi walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai na mkonge, wengine hawakurudi. Sisi tuliobaki tulijuana hata kwa kikohozi.

Mwaka uliotangulia ilikuwa imekuja familia ya Mzee Sanga, Wakinga kutoka milimani, upande wa Iwawa. Walipewa kipande cha ardhi mteremkoni, wakalima viazi. Tulisalimiana nao, "Kamwene, kamwene," basi, kila mtu akashika njia yake. Kwenye pombe ya ulanzi hawakuitwa. Mimi nilizoeana na mtoto wao mkubwa, Yoramu, kwa sababu tulikuwa tukipasua mbao pamoja. Alikuwa mcheshi, akiimba huku msumeno unakwenda.

Ikaja Juni ya baridi kali, umande ukaganda kwenye majani. Yoramu akashikwa na kichomi. Tulimfunga kwenye machela tukaanza safari ya hospitali ya misheni, lakini alikata roho njiani, mimi nikiwa nimeshika upande wa miguu. Tukageuza. Sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule.

Kesho yake tulikwenda makaburini na majembe. Mzee Mligo, mwenyekiti wetu, akasimama mbele yetu.

"Hapa hazikwi," alisema. "Mkimzika hapa, kesho wajukuu zao watasema ardhi ni yao. Wampeleke kwao."

"Kwao ni mbali, mzee," nikasema. "Maiti itafikaje?"

"Nyamaza. Wewe mtoto."

Mzee Sanga hakubishana. Alisimama ameshika kofia yake mikononi, anatazama chini. Ule unyamavu wake, mwanangu, uliniuma kuliko kama angelia. Baadhi ya wanaume wakaanza kuweka majembe begani, waondoke.

Ndipo akatokea Bibi Atuganile, mama mzaa baba yangu. Wanawake hawakuwa na desturi ya kufika makaburini wakati wa kuchimba, lakini yeye alipita katikati yetu kama vile hatupo. Akaenda moja kwa moja kwenye kaburi la babu. Pembeni yake palikuwa na nafasi iliyozungushiwa mawe, nafasi yake yeye.

"Chimbeni hapa," alisema.

Mzee Mligo akashtuka. "Bibi, hapo si ni pako?"

"Ni pangu. Ndiyo maana naweza kupatoa."

Akaketi juu ya jiwe, maana miguu ilikuwa inamsumbua, kisha akamgeukia. "Mligo, baba yako alifika hapa akikimbia vita, hana hata jembe. Aliyempa pa kulala alikuwa ametoka Uheheni. Mimi mwenyewe nililetwa msichana mdogo, njaa ilikuwa imetumalizia watu nyumbani. Nitajie mmoja tu aliyeota hapa kama nyasi."

Mzee Mligo akanyoosha mkono, akachukua jembe langu, akapiga la kwanza. Sitakudanganya kwamba alifurahi. Uso wake ulikuwa umekunjamana vilevile. Lakini alichimba hadi jasho likamtoka katika baridi ile, na jioni alikaa na Mzee Sanga msibani.

Mama Yoramu hakuondoka kijijini. Alikuwa mkunga, na sisi hatukujua kwa sababu hatukuwa tumemuuliza. Watoto wengi wa kijiji kile walipokelewa na mikono yake, wakiwemo wajukuu wa Mligo. Miaka ya baadaye ulikuja ule ugonjwa uliofunga milango ya nyumba nyingi, wengine wakahamia Makambako kutafuta maisha. Kijiji kingekufa. Walioshika majembe, wakalea yatima na kujaza madarasa ya shule walikuwa watoto wa Sanga na ndugu zao waliowafuata kutoka milimani. Bibi Atuganile alipofariki, Mzee Sanga ndiye aliyekuja kutuomba: "Alale na watu wangu." Tukamzika upande wa pili wa Yoramu, na hakuna aliyenong'ona.

Nakueleza haya kwa sababu ardhi imepanda thamani, kila mtu anataka shamba la parachichi, na nimesikia mnavyoandikiana kwenye simu zenu: huyu mwenyeji, yule wa kuja. Nimeumia. Mwanangu, ukitaka kujua kijiji chako, usianze kwa kuuliza nani alitangulia. Uliza nani alimkaribisha nani. Mgeni akijenga jirani yako, nenda ukamsalimie, kisha ukae, umuulize ni nani na anajua kufanya nini. Mtu akifiwa, shika jembe kabla hujauliza kabila lake. Na ukisikia wazee wenzangu wanakosea, sema, hata wakikuita mtoto.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe majirani wema, nawe akufanye jirani mwema. Azeeshe nywele zako katikati ya watu, na siku yako itakapofika, wawepo wa kukubeba.