Odeta na Baba Aliyemponda Binti Yake

Nikianza habari za Odeta huwa siwezi kukaa kitini, kwa hiyo mnivumilie. Meza zetu za dagaa ziko pamoja pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, na mwenzangu huyu ana kazi ya pili: ni mshenga. Kijana akitaka kuoa na kwao hakuna mwenye ulimi mzuri, humfuata Odeta. Humfuata kwa sababu Odeta anasikia hata lile ambalo mtu hajalisema.

Mimi Bernadeta ni mtu wa kusema. Dagaa wako wakiwa na mchanga, nakuambia wana mchanga. Odeta hunicheka, kisha hunifundisha. Mteja akisema, "Wazuri, ngoja nizunguke kwanza," ameshaaga huyo, usimsubiri. Jirani akikuuliza mara mbili kama umepika, anadokeza kwamba kwake jiko halijawaka. Wifi akisifu gauni la mwenzako huku anakutazama wewe, hicho ni kijembe. Anayezunguka mbuyu ana ombi, anayeuma maneno ana hofu. Na fumbo, anasema, mtu hulifunga makusudi ili wewe ulifungue. Kuna na lile ambalo hata msemaji mwenyewe hajui kwamba amelisema. Hilo humtoa jasho hata Odeta.

Sasa sikilizeni ya Jumamosi, maana mpaka leo mwili unanisisimka.

Nkwabi, fundi wa injini za mitumbwi hapo hapo Mwaloni, alimpenda Awuor, binti wa mzee Okomo mshona nyavu. Nkwabi ni Msukuma wa Buswelu. Okomo ni Mjaluo wa Rorya aliyehamia Kirumba zamani. Baba yake Nkwabi alishafariki, hivyo wa kumsemea alikuwa baba yake mkubwa, mzee Shimba, mfugaji. Na Shimba alikuwa ameweka wazi: atakwenda mara moja tu. Wakimkataa harudi, na kijana atafute msichana mwingine. Nkwabi alinisimulia hayo macho yamemtoka, spana mkononi, na mteja wake anangoja.

Tulikwenda kwa Okomo watatu: Shimba, Odeta, na mimi wa kusindikiza. Awuor alipiga goti akatuamkia, akarudi jikoni. Harufu ya sato wa kukaanga ilikuwa imejaa nyumba nzima, nikaanza kufurahi kabla ya wakati.

Odeta alilifungua jambo kwa adabu. Alisema tumepita kusalimia tu, halafu akagusia kwamba tuna kijana wetu amechoka kula peke yake. Okomo akaanza kumponda binti yake.

"Awuor? Yule mvivu. Akilala haamki. Ugali wake una madonge. Akikasirika hasemi na mtu siku nzima. Atakayemchukua asije akasema hakuambiwa."

Odeta alinifinya paja kwa furaha. Mimi nilishaelewa, kwa kuwa alinieleza njiani. Kwa watu wa nyumba ile, baba kumsifu binti yake mbele ya wageni wa namna hiyo ni kumnadi, na kukubali haraka ni kuonyesha kwamba amemchoka. Asiyetaka kuozesha ndiye hukwambia mtoto wangu bado anasoma, ana kazi nzuri, hatuna haraka. Anayemponda ameshaanza kumtoa.

Shimba, maskini, alisikia uvivu, madonge na hasira, basi. Huko mnadani alikozoea, mtu anayekutajia kasoro za ng'ombe wake hataki umnunue. Nikauona uso wake unakunjamana.

Odeta naye aliuona. "Wasichana wote ndivyo walivyo kabla ya kupata kwao," akasema taratibu. "Na harufu hii ya sato, baba mkubwa, si ya wapita njia." Shimba akasimama.

"Mzee mwenzangu," akamwambia Okomo, "tumekuelewa. Tusikuchoshe."

Na alikuwa hajaelewa hata chembe. Okomo akaganda kwenye kiti. Kwa macho yake, wageni walikuwa wamemkataa binti yake, tena kabla hawajanawa mikono. Simu yangu ikatetemeka mkobani: Nkwabi anauliza, vipi huko? Nikairudisha mkobani.

Shimba alifika mlangoni akasimama. Viatu vyake vya katambuga, vile vya matairi ya gari, alivyoviacha hapo havikuwapo. Tukachungulia uani. Awuor alikuwa ameviosha, ameviegemeza ukutani vikauke, na vilikuwa vinachuruzika maji. Alisimama kando ya viatu hivyo na brashi mkononi, akimtazama mzee wa watu bila kukwepesha macho. Kumbe alikuwa amesikia kila neno dirishani, na hakutaka mgeni aondoke.

Nilivuta pumzi nipige vigelegele. Odeta akanishika mkono.

"Bado," alininong'oneza. Hakuwa anamtazama Awuor wala Shimba. Alikuwa anamtazama Okomo, aliyekuwa ameinamisha kichwa.

Hapo mshenga wangu akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Aliweka mafumbo yote chini.

"Baba Awuor," alisema, "mzee huyu anadhani umemkataa. Mwambie kinachokuuma."

Okomo alikunjua vidole, akavikunja tena.

"Mama yake alifariki huyu akiwa darasa la pili," alisema. "Tangu hapo chakula changu anapika yeye, na tunakula wawili. Akiondoka, mimi nitakula na nani?"

Shimba alirudi ndani peku. Akapita kiti chake, akaenda kukaa kwenye benchi, bega kwa bega na Okomo.

"Mimi haya mambo ya kuzungukazunguka siyawezi," alisema, "kwa hiyo nitakuambia tu. Kijana wetu anafanya kazi hapo Mwaloni. Buswelu atakaa afanye nini? Nitamwambia apange hapa hapa Kirumba, karibu na mlango wako. Jioni mtakula pamoja. Hilo nalisema mimi, na nikilisema limesemwa."

Okomo alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Odeta alikuwa analia waziwazi, wala hajifuti. Nikachukua simu nikamwandikia Nkwabi neno moja, njoo.

"Awuor," Okomo aliita. "Leta maji ya kunawa."

Alikuja na jagi na beseni, taulo begani. Wageni ndio hutangulia, hilo hakuna asiyelijua. Awuor alitupita sote, akapiga goti mbele ya baba yake, akaanza kummiminia maji. Shimba aliweka mikono yake mitupu mapajani, akangoja zamu yake.