Kabla ya Ganzi

Daktari wa chumba cha kushonea vidonda ana mikono minene kama ya mwokaji mikate. Kila mgonjwa humchoma kidogo mara mbili kwa ncha ya sindano, kabla ya ganzi na baada yake, apate kulinganisha. "Unasikia?" huuliza, na akishatukanwa hucheka: "Vizuri, waya uko hai!" Kisha huingiza dawa huku akihubiri, na mimi ninayemshikia taa nimeshayakariri mahubiri yenyewe. Maumivu husafiri kwenye neva kama umeme. Umeme huo huzaliwa chembe za chumvi zinapoingia ndani ya neva kupitia vilango vidogo, na ganzi huviziba. "Kidonda kinapiga kelele, ila habari hazifiki kichwani."

Leo aliletwa mama mmoja, paji la uso limepasuka hadi mfupa unaonekana. Mumewe alisimama mlangoni, akasema mkewe ameteleza bafuni. Daktari akamchoma mama pembeni mwa kidonda. "Unasikia, dada?"

Mama alimtazama mumewe kwanza. "Sisikii."

Daktari akamchoma tena, kwa nguvu zaidi. Mama hakupepesa jicho. "Sisikii kitu, daktari."

Bomba la sindano ya ganzi lilikuwa bado limejaa kwenye sinia. Daktari hakucheka. Alimtoa yule mume nje, akafunga mlango kwa komeo, akarudi na kumgusa mama palepale kwa ncha ya kidole tu.

"Hayupo sasa. Unasikia?"

"Nasikia," alinong'ona, macho bado kwenye komeo. "Siku zote huwa nasikia."