Sindano ya Kitanda cha Sita

Kwa miaka kumi na tisa Mama Mapacha alikuwa muuguzi msaidizi, na wodi nzima ilijua ana mkono mwepesi. Kuupata mshipa wa mtoto anayerusha mateke kwake ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini dawa nzito hakuruhusiwa kuitoa bila muuguzi aliyesajiliwa kusimama pembeni, hata kama huyo aliyesajiliwa ni binti wa juzi aliyefundishwa na yeye mwenyewe kutandika kitanda. Hilo lilimkera kweli kweli. Akiwa na miaka arobaini na minne akarudi darasani, akakaa na watoto wa watu waliomwita shangazi, akaanguka mtihani wa baraza la wauguzi, akaufanya tena. Mapacha wake walimcheka mpaka siku alipopata leseni. Siku hiyo walilia.

Alikuwa na miezi miwili tu kazini kwa cheo hicho, bado yuko kwenye majaribio, alipomchoma bibi wa kitanda cha sita insulini, dawa ya kushusha sukari mwilini. Chuoni walimkaririsha: mgonjwa ajitaje jina, kisha usome faili. Lakini wodini watu waliitwa kwa vitanda vyao tangu enzi na enzi, naye hakujua kwamba asubuhi ile bibi wawili walikuwa wamebadilishana, mmoja akitaka dirisha. Alijua alipoitwa kutoka kitanda cha tatu.

“Mwanangu, mimi sindano yangu ya sukari leo umeninyima?”

Akakimbilia cha sita na kikombe cha chai yenye sukari tele.

“Bibi, mbona hukuniambia huna kisukari?”

“Mimi nani nimbishie mwenye sindano?”

Hakuna aliyeona. Angeweza kunyamaza, na leseni yake ingebaki salama. Shetani wake alikuwa na hoja nzuri tu. Ila dawa ile hufanya kazi kwa saa nyingi, na zamu yake ilikuwa inaisha saa nane. Wenzake wangemkuta bibi amelala fofofo, waseme anapumzika.

Akamwita daktari. Akaandika kwenye faili alichokifanya, kiasi, saa, namba yake ya usajili, na kwamba bibi apimwe sukari kila nusu saa hadi usiku.

“Miaka kumi na tisa sijaona kosa lako hata moja,” matroni alisema.

“Miaka hiyo saini haikuwa yangu, matroni.”

“Basi nenda nyumbani ukasubiri barua ya baraza.”

Jioni simu iliita. Alikuwa binti wa zamu.

“Shangazi, bibi alishuka sukari saa kumi, jasho tupu, hasemi. Bila ulichoandika kwenye faili tungemfunika shuka tukajua kalala.”

“Sasa yukoje?”

“Anatugombeza, anataka chakula.”

Mama Mapacha aliketi sakafuni akalia kama mtoto. Mapacha wakambembeleza kwamba labda baraza litamwachia leseni yake. Ilibidi awaambie mara mbili kwamba hakuwa akililia leseni.